Baiskeli Kama Marehemu Alivyoiacha

Watu wa dini wameniambia mara nyingi nisamehe, na kweli nimesamehe wengi. Nimemsamehe jirani aliyenisingizia kuiba kuku wake. Nimewasamehe hata wale mama wa kanisani walioniondoa kwenye kwaya kwa sababu ya suruali, habari ambayo nitaifikia. Shemeji yangu, kaka wa mume wangu tumbo moja, sijamsamehe. Amekufa, amezikwa, nami nilikwenda kwenye matanga yake nikala wali wake, na bado sijamsamehe. Ninaandika haya nikiwa na akili zangu timamu, asije mtu baada yangu akasema kwamba tulipatana.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na mji wetu wa Kalemie ulikuwa ungali ukiitwa kwa jina la mfalme wa Wabelgiji. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa meli ya mizigo iliyovuka ziwa kwenda Kigoma na kurudi. Safari moja alirudi na gunia begani, akalifungua sebuleni kwa madaha, akatoa vyuma vilivyokunjana. Aliviinua, akavinyoosha, akakaza nati mbili zenye masikio, na mbele yangu ikasimama baiskeli nzima. Aliyemwuzia alimwambia kwamba ni baiskeli ya askari wa Kiingereza, waliokuwa wakiruka nayo kutoka kwenye ndege wakati wa vita. Mimi niliona ni uongo wa muuzaji, lakini mume wangu aliusimulia uongo huo mji mzima.

Melini aliikunja, akaitia guniani, akalala kando yake. Mazoea hayo aliyaleta mpaka nyumbani. Kila akirudi kutoka kutembea aliikunja, akaifunga ndani ya gunia lilelile, akaisukuma nyuma ya magunia ya makaa jikoni. Nilimcheka. Nilimwambia kwamba watu wenye baiskeli huiegemeza mlangoni ili wapita njia waione, na yeye anaficha ya kwake kama mwizi.

Alipenda mbio kuliko chakula. Baiskeli, kama hujawahi kuitazama vizuri, ina gurudumu kubwa la meno pale kwenye pedeli na dogo la meno kwenye tairi la nyuma, na mnyororo unayaunganisha. Hilo dogo la nyuma aliona halijawa dogo vya kutosha. Alitafuta Kigoma jingine lenye meno machache zaidi, akalifunga, na toka siku hiyo kwenye barabara tambarare ya kando ya ziwa hapakuwa na mtu wa kumshika. Akikanyaga mara moja, baiskeli inaruka. Penye mlima alishuka akasukuma, na hakujali hata kidogo. Alisema mlima ni kazi ya punda.

Mvua zilipoanza alishikwa na homa, na hakuamka tena.

Kwao, upande wa Mpala, mali ya mwanaume ni ya ndugu zake wa tumbo la mama. Nilijua hivyo tangu naolewa, na kama wangekuja kwa adabu ningewapikia ugali. Walikuja matanga yalipoisha, shemeji mbele, na wapwa wawili nyuma yake wa kubeba. Walichukua kitanda, nikalala chini na binti yangu. Walichukua viti. Walichukua karai langu kubwa la kukaangia maandazi, nililonunua kwa jasho langu mwenyewe, na niliposema hivyo shemeji alijibu kwamba jasho la mke ni la mume. Mwisho wakachukua cherehani yangu ya miguu. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha meli inapochelewa. Shemeji aliibeba kwa mikono yake, akaiweka nje, akarudi ndani anahema.

Aliketi juu ya gunia la makaa kupumzika, akaweka kiwiko juu ya gunia la nyuma yake, akajipangusa jasho.

"Kinga iko wapi?" akaniuliza. Kinga ndiyo baiskeli, kwa maneno ya kwetu.

"Mutafute," nikamwambia.

Wakatafuta. Walizunguka nyumba, wakaingia hata chooni, wakauliza majirani. Walikuwa wanatafuta kitu chenye magurudumu mawili kilichosimama, maana ndivyo walivyoijua wao, mume wangu akipita nayo barabarani na shati limejaa upepo. Shemeji mwenyewe hakuinuka. Alikaa palepale, kiwiko juu ya baiskeli, akiwapigia kelele wapwa kwamba hawana macho. Mwisho akaamua kwamba marehemu aliiuza Kigoma na fedha akazinywa. Nilitazama chini, na wao wakadhani ninalia.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja cha kurithi, nacho ni mimi. Shemeji alitaka niingie kwake niwe mke wa pili, mimi na binti yangu, na nyumba irudi kwa ukoo. Nilikataa mbele ya wazee wao. Nilisema nitabaki kwenye nyumba yangu na nitamlisha mwanangu. Wazee walinong'onezana, wakaamua nipewe muda mpaka kiangazi. Kiangazi kikifika na mimi na mtoto tunakula vizuri bila kuombaomba, watanivua kitambaa cheusi cha ujane, niwe huru na nyumba yangu. Wakikuta tunalala njaa, nitakwenda kwa shemeji bila kelele.

Wazee walipoondoka, shemeji alibaki mlangoni. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anayechagua mbuzi.

"Sina haraka, Mama," alisema. "Utakuja weye mwenyewe. Njaa njo itakuleta." Njo ni ndiyo ya kwetu.

Tangu siku ile nilikuwa na kazi mbili: kumlisha mtoto, na kumlipa mtu yule kwa maneno yale.

Juu ya mlima Wazungu walikuwa wanajenga nyumba zao mpya, na kwenye shantiye ile ya ujenzi kulikuwa na waashi na vibarua wengi. Walinunua maandazi na chai asubuhi kabla ya king'ora kulia. Kikishalia, hakuna anayeruhusiwa kushika kitu kingine isipokuwa mwiko na koleo. Zamani mimi ndiye niliyewauzia. Sasa nyumba ya shemeji ilikuwa chini kabisa ya mlima, na yangu ng'ambo ya Lukuga, mbali. Mke wake alikaanga maandazi katika karai langu na shemeji akayapandisha yakiwa moto. Mimi niliazima sufuria ndogo kwa jirani, nikatembea na beseni kichwani, nikavuka daraja, nikapanda, na nilipofika juu waashi walikuwa wanapangusa mafuta midomoni. Yangu yalikuwa yamepoa. Nilishuka nayo. Tukala sisi, mimi na mtoto, mpaka tukayachukia.

Shemeji alikuwa akinipita njiani anashuka na beseni tupu. Hakutukana wala hakucheka. Alinisalimia tu kwa upole, na upole ule ndio ulioniwasha zaidi.

Ndipo nilipofungua gunia.

Kuendesha sikuwa najua. Nilijifunza kwenye uwanja wa nyuma ya maghala ya pamba, nimevaa suruali ya marehemu chini ya kikwembe, na nilianguka mpaka magoti yakakosa ngozi. Mwanamke juu ya baiskeli alikuwa kioja Kalemie nzima, kwa hiyo nilijifunza alfajiri, na mama wa kanisani walinikuta na suruali tu. Hapo ndipo habari ya kwaya ilipotokea, na sitaisema zaidi, nimeshasema kwamba nimesamehe. Nilijifunza. Siku nilipofunga sanduku la maandazi nyuma na kuvuka daraja bila kugusa chini, nilijiona nimeshalipa kisasi.

Kumbe bado. Kwenye tambarare niliruka kama marehemu. Mlima ulipoanza tu, pedeli ikagoma. Nilikanyaga kwa uzito wangu wote, nikasimama juu yake, baiskeli ikasimama nami. Nilishuka nikasukuma, na kusukuma chuma kile pamoja na sanduku kulinichelewesha kuliko beseni la kichwani. Nilifika juu king'ora kimelia. Shemeji alikuwa hajaiona baiskeli bado, maana alishashuka kwa njia ya mkato. Nilimshukuru Mungu kwa hilo tu.

Jioni ile nilikaa nikaitazama baiskeli, nikiwa na hasira nayo kama ni mtu. Nilizungusha pedeli kwa mkono. Gurudumu kubwa lilizunguka mara moja, na dogo la nyuma likazunguka mara nyingi. Nikajiuliza ni wapi nimeliona jambo hili, na mguu wangu ndio ulionijibu. Ni cherehani. Cherehani ya miguu ina gurudumu kubwa chini na dogo juu, na mkanda wa ngozi unayafunga pamoja. Ukikanyaga kidogo chini, juu sindano inapaa. Kwenye kitambaa chepesi ni raha tupu. Ila siku nilipoletewa turubai nishone, mguu ulikataa kabisa, na nilijua kwa nini: lile dogo la juu linataka mbio, na turubai linataka nguvu. Mbio na nguvu huwezi kupata vyote kwa mguu mmoja.

Mume wangu aliitengeneza baiskeli ishone hariri. Mimi nilikuwa na turubai la kushona kila asubuhi. Nilihitaji gurudumu la nyuma lenye meno mengi, kubwa, ili nikanyage mara nyingi nyepesi na baiskeli iende polepole lakini iende.

Fundi wa baiskeli alikuwa mmoja pale sokoni, Mwislamu wa zile familia za wafanyabiashara wa zamani wa ziwani, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Nilimpelekea gunia langu, nikamweleza ninachotaka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, moja ndani ya nyingine.

"Mali ya marehemu haijagawanywa, Mama," alisema. "Siigusi. Warithi wakiniuliza kesho, nataka niweze kuapa."

Nilimwambia kwamba warithi wameshagawana hata vijiko. Akasema hiki hawajakigawa, maana hawajui kama kipo. Nilikasirika, nikaanza kulifunga gunia. Yeye akabaki palepale, mikono nyuma, anatazama mbele kama anayesubiri gari.

"Mikono yangu ndiyo iliyokatazwa," akasema. "Mdomo haukukatazwa."

Basi nilifanya kazi mimi, na yeye akazungumza. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na mkokoteni wa magurudumu matatu uliokuwa ukibeba barafu hapo zamani. Umeoza, lakini gurudumu lake la meno lilikuwa zima, kubwa kama kisahani cha chai. Hilo lilikuwa mali yake fundi, na alinipa kwa maandazi ya asubuhi mpaka mwisho wa mwezi. Alisema waziwazi, mbele ya muuza chumvi wa jirani, kwamba kipande kile ni changu mimi na si cha mtu mwingine. Wakati ule sikujua neno lile litanifaa namna gani.

Kulitoa lile dogo la marehemu ilikuwa vita. Kuna chuma chenye pembe mbili kinachoingia kwenye matundu yake. Unakibana chuma kwenye jiliwa, unalaza tairi juu yake, kisha unaligeuza tairi lenyewe kama unafungua kifuniko cha chupa. Halikugeuka. Marehemu alikuwa amelikaza kwa miaka yote ya kukanyaga. Fundi alisema nitie mafuta nisubiri, nikatia mafuta, sikusubiri. Nilining'inia kwenye tairi kwa mwili mzima, nikamfikiria shemeji na kiwiko chake, na chuma kikalia, kikaachia, nikaanguka nalo chini. Fundi alisogeza miguu yake asiguswe na baiskeli.

Kubwa likaingia, lakini mnyororo haukufika. Ulikuwa umekatwa kwa kipimo cha lile dogo. Nilitoboa pini kwa msumari na nyundo, nikaongeza vipande kutoka mnyororo wa mkokoteni, nikazidisha, ukalegea ukaanguka. Nikapunguza. Fundi akasema inatosha unapocheza kidogo tu ukiubonyeza kwa kidole. Nilibonyeza, ukacheza kidogo tu. Lile dogo la marehemu nilikuwa karibu kulitupa. Nililitia kwenye mfuko wa suruali yake, kwa vile lilikuwa lake.

Asubuhi yake nilipanda mlima nimekaa.

Nataka msomaji aelewe: nimekaa. Wanaume walikuwa wanasukuma baiskeli zao ndefu, migongo imeinama, na mimi nimekaa juu ya kiti, mgongo umenyooka, miguu inazunguka upesiupesi kama nipo kwenye cherehani yangu, na baiskeli inapanda kwa mwendo wa bibi anayekwenda kisimani. Kwenye tambarare nilikuwa naonekana kichekesho, miguu mbio na safari haiendi. Lakini bado nilikuwa naishinda miguu ya watu, na mlimani nilimshinda kila mtu. Nilifika juu maandazi yanatoa moshi. Shemeji alikuwa nusu ya njia, beseni kichwani. Nilimpita. Nilimsalimia kwa upole.

Maandazi yangu yalikuwa bora kuliko yake, na hili silisemi kwa majivuno. Mke wake hakujua kwamba karai lile linataka moto mdogo, na mimi sikuwa na sababu ya kumwambia. Waashi wakahama. Shemeji akawa anashuka na beseni lililojaa, na mimi na sanduku tupu. Mvua zilipokaribia kwisha, msimamizi wa waashi, mtu wa Nyunzu aliyependa kula, aliniruhusu nijenge jiko langu kulekule juu, pembeni ya mchanga, nikaange palepale. Nilijenga. Nilikuwa nimebakiza kupandisha unga na mafuta tu, vitu ambavyo hata kichwani vinakwenda.

Shemeji hakulijali lile jiko. Alichoona yeye ni baiskeli. Aliamini nguvu imo ndani ya vyuma vile, kwamba Waingereza walitengeneza kitu cha kupanda milima, na mwanamke hawezi kumshinda yeye ila kwa sababu amekaa juu ya kitu hicho. Na kitu hicho kilikuwa cha ukoo wake. Akanipeleka kwa shefu wa mtaa.

Barazani alizungumza vizuri sana. Alisema nilificha mali ya marehemu, nikaifanyia biashara, nikajifanya ninajitegemea, kumbe ninakula kwa mali yao. Wazee wa ukoo walikuwepo, wakaanza kutikisa vichwa. Nilisema sikuficha, nilimwambia atafute, na aliegemea gunia lenyewe. Watu walicheka, na hapo nikakosea, maana shefu hakupenda watu wacheke barazani kwake. Aliamua palepale.

"Kinga ni ya ukoo," alisema. "Kesho utaleta kinga kama marehemu alivyoiacha. Hakuna kupunguza, hakuna kuongeza."

Niliomba aseme tena. Akasema tena, kwa sauti zaidi, akidhani ninabishana. Niligeuka nikamtazama shemeji, nikamwuliza kama ameridhika na neno lile. Alisema ameridhika. Nikawauliza wazee. Wakasema ndivyo mila inavyotaka. Nikaitikia, nikatoka nje.

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Nilimweleza hukumu, neno kwa neno. Aliitoa mikono yake nyuma ya mgongo, akaitazama kama ya mgeni.

"Leo imegawanywa," akasema, akachukua spana.

Alilitoa gurudumu langu kubwa, akanipa mkononi. Akalipangusa lile dogo la marehemu kwa mafuta ya taa, akalirudisha mahali pake, akalikaza vizuri. Akaukata mnyororo kwa kipimo cha zamani. Aliifanya kazi ile kwa uangalifu mkubwa, na aliipangusa mpaka ikang'aa. Sijawahi kumwona fundi anafurahia kazi namna ile.

Nilipoikunjua nyumbani ili niipeleke, nilishika zile nati zenye masikio. Ndizo zinazoshika baiskeli isijikunje katikati. Nikizilegeza kidogo tu, hazionekani, na yeye akiwa anateremka mlima wa mawe, basi. Nilikaa nazo vidoleni muda mrefu. Sitadanganya kwamba nilimwogopa Mungu. Nilifikiri kwamba mtu akianguka watu humhurumia, humbeba, humpelekea supu. Sikutaka aanguke. Nilitaka asukume. Nikazikaza kwa koleo mpaka zikauma chuma.

Aliipokea mbele ya shefu. Aliigeuza, akaikagua, akaona inang'aa, haikukosekana hata kengele. Meno ya nyuma hakuyatazama, maana hakuna mwanaume wa mtaani kwetu aliyewahi kuyatazama.

Asubuhi iliyofuata nilikuja taratibu na unga kichwani. Shemeji alikuwa amesimama chini ya mlima, sanduku limejaa nyuma, amevaa kofia. Watu walikuwa wengi, wengine wamekuja kuona tu. Alipanda. Alikanyaga mara moja, baiskeli ikaruka mbele vizuri sana, na uso wake ukafunguka kwa furaha. Kisha mlima ukaanza. Akakanyaga, pedeli ikashuka polepole, ikafika chini. Ya pili haikufika. Akasimama juu yake na mwili wake wote mkubwa, mnyororo ukalia, baiskeli ikayumba, mguu ukaenda chini. Alirudi nyuma akaja kwa kasi. Alifika pale alipofika mara ya kwanza, na hatua mbili zaidi. Akarudi tena. Mtu mmoja alimshauri akae kama mimi nilivyokuwa nakaa, na akina mama wa sokoni wakaanza kupiga vigelegele.

Mara ya nne hakurudi nyuma. Alianza kusukuma. Sanduku lilikuwa zito, lilivuta nyuma, na alikuwa akisukuma mikono imenyooka na kichwa katikati ya mabega, njia ileile ambayo mwanamke wake wa kurithi aliipanda amekaa. Nilimfikia kwenye kona. Jasho lilikuwa limemwingia machoni, hakunijua mara moja.

"Mama," alisema, "shika nyuma kidogo."

Nilisimama. Nililishika gunia langu la unga kwa mkono mmoja lisianguke. Nilikuwa nimeyasubiri maneno yangu tangu mvua zinaanza, na sikuyaharakisha.

"Sina haraka, Papa," nikamwambia. "Utafika weye mwenyewe. Njaa njo itakupeleka."

Nikampita. Sikugeuka, ingawa nilitamani sana. Juu nilikuta jiko langu lina moto tayari, waashi wamewasha wenyewe, na nilikaanga. Alipofika, king'ora kilikuwa kimekwisha kulia.

Alijaribu siku kadhaa zaidi, kisha akawaambia watu kwamba nimeitia dawa baiskeli. Fundi aliulizwa, akaapa kwamba ilirudishwa kama marehemu alivyoiacha, na hakuna aliyethubutu kukitilia shaka kiapo chake. Mwisho shemeji aliiuza kwa mtu wa Kabalo. Ilipakiwa kwenye garimoshi ndani ya gunia lake lilelile. Nilikwenda stesheni kuitazama inaondoka, na hapo nililia kweli, maana ilikuwa kitu cha mwisho ambacho mikono ya mume wangu ilikikaza. Machozi yale nayo nimemhesabia shemeji.

Kiangazi wazee walikuja. Nilikuwa nimeshanunua karai jipya na kitanda. Niliwakaangia ndagala, dagaa wa ziwani, wakala, wakamwita binti yangu wakamshika mashavu. Wakanivua kitambaa cheusi. Shemeji alikuwepo, na ilimbidi ashike ncha moja ya kitambaa.

Miaka mingi imepita tangu hapo. Kabla hajafa, shemeji alikuwa akija kwangu mara kwa mara kula, miguu imevimba, mke wake ametangulia. Watu waliniona mtu mwema. Nilimkalisha kila mara mahali pamoja, kwenye kiti cha ukutani, chini ya msumari ambao gurudumu langu kubwa la meno limetundikwa tangu mwaka ule.

Siku moja alishiba, akajinyoosha, akapapasa magoti yake.

"Hii miguu ilikuwa mibaya tangu zamani, Mama," alisema. "Unakumbuka ule mulima? Miye nilikuwa na nguvu kifuani, lakini miguu ilinikataa. Nawaza sana juu ya ile siku."

Nikamwambia naikumbuka. Aliinua macho, akakiona kile chuma juu ya kichwa chake, na nikashika sahani yangu kwa nguvu.

"Ile ya meno njo nini?"

"Ni ya cherehani," nikamjibu. "Ile mulichukua."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaniomba samaki kidogo zaidi. Nikampakulia. Alikufa mwaka uleule, na mpaka anakufa aliamini kwamba alishindwa na miguu yake.